Pamba Fifi ya Mwaka wa Mvua

Nilikuwa na wasimamizi wawili, na matatizo yangu mengi yalianzia hapo. Mmoja alitoka idara ya uchumi, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kusoma kurasa zangu bila kuuliza mlinganyo uko wapi. Wa pili alitoka idara ya historia, mama mmoja aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi, ambaye kila alipokutana na mlinganyo aliuzungushia duara jekundu na kuandika pembeni: watu wako wapi? Kuna wiki niliwapelekea wote wawili sura ileile. Mmoja alinirudishia akitaka nifute hadithi zote, mwingine akitaka nifute majedwali yote. Nikifuata ushauri wao wote ingebaki orodha ya marejeo. Ofisi zao zilikuwa kwenye majengo mawili yanayotazamana, nami ndiye niliyekuwa nikivuka bustani katikati, bahasha kwapani.

Mada yangu ilikuwa pamba. Nilitaka kujua wakulima wa kusini mwa Mwanza waliamuaje mambo yao tangu enzi za mkoloni hadi miaka ile ambayo ushirika ulikuwa mnunuzi pekee: lini walilima pamba nyingi, lini waliipa kisogo wakalima viazi na mihogo, na kwa nini. Katika barua ya kuomba nafasi ya uzamivu niliandika kwamba mchumi asiyejua historia na mwanahistoria asiyejua hesabu wote wawili wanapapasa gizani. Nilijiona nimesema neno. Sikujua kwamba wote wawili wangeisoma ile barua.

Nilijiamini kwa sababu moja kubwa. Nimezaliwa Misungwi, mtoto wa mkulima wa pamba, na nilibeba pamba kichwani kabla sijajua kusoma. Wenzangu waliokuwa wakiandika kuhusu wakulima walikuwa wamekulia mjini. Mimi nilidhani nimetangulia hatua kumi.

Nilifika Mwanza kwa treni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na barua tano za utambulisho. Hazikutosha. Ofisi ya mkoa ilitaka barua ya wilaya, wilaya ilitaka barua ya ushirika, na ushirika haukuweza kuandika chochote mpaka mkoa uridhie. Nilizunguka hivyo kwa wiki tano. Kila mahali nilikuta neno soko huria midomoni mwa watu. Makarani walilitamka kwa woga, wafanyabiashara kwa furaha, na hakuna aliyeweza kuniambia ni nani sasa mwenye ufunguo wa stoo ninayoitafuta.

Nilifikia kwa dada yangu aliyeishi mtaa wa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi. Shemeji alifanya kazi kiwanda cha nguo, ambacho siku hizo kilifanya kazi wiki mbili na kulala wiki mbili. Dada ndiye aliyeilisha nyumba. Alikuwa akinunua mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa Ulaya, anaikaanga na kuiuza barabarani. Ananizidi miaka sita na aliishia darasa la saba. Nilipokuwa nikilalamika juu ya barua na mihuri alinisikiliza huku akigeuza mifupa kwenye mafuta, kisha akauliza kama hayo masomo yana mwisho. Nilimwambia yana mwisho. Akasema ni vizuri, kwa sababu mama alikuwa amemuuliza, naye hakuwa na jibu.

Ufunguo ulipatikana kwa mtunza stoo, mzee mmoja wa Kagera aliyekuja Mwanza kijana na hakurudi tena kwao. Alikuwa Mlutheri, na alifanya kazi huku akiimba tenzi kwa Kihaya, sauti ya pili tu, kana kwamba wengine wako chumba cha jirani wakiimba ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, akasoma barua zangu zote tano mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango. Ndani kulikuwa na vitabu vya mizani vya vituo vyote vya kununulia pamba, rafu hadi dari, miaka na miaka, vumbi na mavi ya panya juu yake. Karibu nipige magoti.

Aliniambia niandike upesi. Ushirika ulikuwa unakata roho, na chumba kile kilikuwa kimeshaombwa na mtu wa nyavu na barafu. Nikanakili kwa mkono, kwa sababu mashine pekee ya kunakili iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa katikati ya mji na vitabu haviruhusiwi kutoka. Nilijaza madaftari kumi na saba. Kifua kilinibana kwa vumbi, vidole vikaota sugu, na jioni nilirudi Nyakato nikinuka panya nikakuta nyumba inanuka samaki. Dada alisema tumelingana.

Kwa asiyejua pamba, acha nieleze kidogo, maana kila kitu kinaning'inia hapa. Enzi za ushirika pamba ilinunuliwa kwa madaraja mawili. Ya kwanza iliitwa safi: nyeupe, kavu, isiyo na majani. Ya pili iliitwa fifi: ile iliyopigwa na wadudu au mvua, yenye manjano na takataka, na bei yake ilikuwa ya chini sana. Kabla ya kupelekwa kituoni pamba yote ilichambuliwa nyumbani, safi huku, fifi kule. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto, na ilichosha mgongo.

Katika vitabu, kila mkulima aliandikwa jina na kilo zake za safi. Chini kabisa ya ukurasa karani aliweka mstari mmoja tu wa fifi ya siku nzima, na mahali pa jina akaandika: wengineo. Vifurushi vya fifi vilikuwa vidogo, vililipwa papo hapo, na karani hakuona sababu ya kupoteza wino. Nililinakili neno hilo mamia ya mara. Mwishoni nilikuwa naandika herufi mbili tu za mwanzo ili niokoe muda.

Nilipojumlisha, nikakuta jambo ambalo lilininyima raha. Fifi hutokana na pamba kuharibika, kwa hiyo mtu angetarajia iwe nyingi mwaka mbaya na chache mwaka mzuri. Vitabu vilisema kinyume. Mwaka wa mvua nzuri, pamba imestawi, wazee wanakumbuka waliooa wake wa pili kwa mavuno yake, fifi ilipanda. Mwaka wa ukame, mashamba yameungua, fifi ilikuwa karibu hakuna. Nilirudia hesabu. Nikabadilisha kituo, nikachukua vitabu vya kijiji kingine. Ikawa vilevile.

Nilikwenda nyumbani Misungwi kuuliza wanaojua. Baba alifurahi, akawaita wazee wenzake, viti vikatolewa. Nilikuwa na kinasa sauti cha chuo na kanda sita. Mama na wanawake wengine walileta uji, wakatuamkia, wakarudi jikoni. Niliwauliza wazee kwa nini fifi ilikuwa nyingi miaka ya neema. Walijibu bila kufikiri, mmoja baada ya mwingine, na baba akiwa wa mwisho: uvivu wa wanawake. Pamba ikiwa nyingi wanachoka, wanaichambua ovyo, safi inachafuka. Niliwashukuru sana. Mama alipokuja kuchukua vikombe nilikuwa nageuza kanda.

Niliporudi chuoni Dar es Salaam, msimamizi wa uchumi alipoona mchoro wangu wa fifi alikaa wima kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Alisema hapa sasa kuna kitu. Nikajaribu kumweleza kwamba sina hakika na sababu yake, kwamba huenda mambo ni magumu kuliko yanavyoonekana, naye akaninyooshea kalamu.

"Mkulima hauzi kitu kizuri kwa bei ya kitu kibaya," alisema. "Anzia hapo, halafu utafute kilichoiharibu."

Nikaanzia hapo. Kilichoiharibu, tukakubaliana, kilikuwa upungufu wa nguvukazi: mavuno mengi, mikono michache, uchambuzi mbovu. Nilitengeneza mlinganyo wenye alama za Kigiriki. Msimamizi wa historia akauliza watu wako wapi, nami nikamwekea maneno ya wazee kutoka kwenye kanda, pamoja na ya baba. Maduara mekundu yakapungua. Kwa mara ya kwanza wote wawili walinirudishia sura moja bila kunitaka niifute. Nilikunywa soda mbili siku hiyo, peke yangu, nikiangalia bustani niliyokuwa nikiivuka.

Nilirudi Mwanza msimu ambao wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia. Ulikuwa msimu wa fujo. Malori yalipita barabara ya Misungwi mengine yakitangaza kwa vipaza sauti, mizani ikatundikwa kwenye miti, kila mtu akitaka kumaliza kabla ya mwenzake. Kwa haraka hiyo hakuna aliyehangaika na madaraja. Pamba yoyote, bei moja, gunia moja, tupia juu. Msimamizi wangu wa uchumi alikuwa ameniambia kwamba hilo lilikuwa jambo jema, gharama isiyo na faida imeondolewa, na akanitaka niongeze aya moja mwishoni mwa sura kulisifu.

Nilimkuta mama sebuleni. Tangu nikiwa mtoto, msimu wa pamba sebule ile ilikuwa haina pa kukanyaga. Mama, dada na shangazi walikaa chini na malundo mawili katikati yao. Safari hii kulikuwa na lundo moja tu, limegusa dirisha, na mama amekaa kwenye kiti akilitazama. Nilimwamkia, nikampa kanga niliyomletea. Halafu nikampongeza. Nilimwambia kwa furaha kabisa kwamba sasa wamepumzika, ile adha ya kuchambua imekwisha.

Aliiweka kanga chini.

"Nani amekuambia tulikuwa tunachoka?" aliuliza.

Tulizungumza Kisukuma, nami naandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, na kwa kuwa baba alikuwa mnadani kuuza ndama, aliimwaga yote. Alisema hao wenye malori wamewavua nguo wanawake wa kijiji kizima, na mimi nimekuja na kanga kumpa hongera.

Kisha akanieleza. Mwanamume hakupeleka fifi kituoni. Ilikuwa aibu, mwanamume mwenye heshima zake alipakia safi kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akasimama foleni na wanaume wenzake, akasikia jina lake likiitwa. Fifi aliiacha nyumbani kama makapi. Wanawake waliifunga kwenye kanga, wakaibeba kichwani wiki za mwisho za msimu, na karani akawalipa mkononi. Hakuna mume aliyeuliza pesa ya fifi. Kuiuliza ingekuwa kukiri kwamba anaihitaji.

Haya nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Nimemwona baba kwenye mkokoteni, nimemwona mama na kifurushi. Ambacho sikukijua ni kilichokuwa ndani ya kifurushi.

"Ile haikuwa fifi yote," alisema mama. "Tuliitengeneza."

Walipokaa kuchambua walihamisha pamba nzuri kutoka lundo la safi kwenda lundo la fifi, konzi moja moja, siku baada ya siku. Waliikanyaga kidogo uani ili ishike vumbi, wakaiviringisha kwenye majani makavu, wakaweka ile ya manjano hasa juu ya kifurushi ili karani aikute kwanza. Mwaka wa ukame hawakuthubutu, kwa sababu pamba ilikuwa chache na baba aliijua kwa macho. Mwaka wa mvua nzuri lundo lilikuwa kubwa mno, wakahamisha watakavyo.

Nilikaa kwenye mkeka. Msimamizi wangu alikuwa amesema mkulima hauzi kizuri kwa bei ya kibaya, na mbele yangu alikaa mkulima aliyefanya hivyo miaka thelathini, akijua hesabu yake vizuri: bei ndogo inayofika mkononi mwake iliishinda bei kubwa inayoishia mfukoni mwa mwingine. Nilikuwa nimetumia miaka miwili na alama za Kigiriki kueleza mchezo wa mama yangu, na nilikuwa nimeueleza vibaya.

Nikamuuliza hizo pesa zilifanya nini. Alinitazama kama mtu anayepima kama inafaa kuendelea. Akasema sanduku la bati nililokwenda nalo sekondari lilikuwa fifi. Blanketi lilikuwa fifi. Viatu vya kwanza, vile vyeusi, vilikuwa fifi ya misimu miwili. Siku ile ya kuondoka baba ndiye aliyetoa hotuba, nakumbuka, akasema nisisahau jasho lake, na mama alisimama nyuma yake ameshika kuku wa kuniaga. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Katika tasnifu yangu, ukurasa wa mia na kitu, nilikuwa nimenukuu kwamba mama yangu ni mvivu.

Aibu haikudumu, ikaja hamu. Nikaanza kuongea haraka. Nilimwambia hili ni jambo kubwa, hakuna aliyewahi kuliandika, litabadilisha kila kitu tunachofikiri juu ya ubora wa pamba, tena litaonyesha kilichopotea sasa hivi, msimu huu, bila mtu yeyote kukipima. Nikachomoa kinasa sauti kwenye begi. Mama akaweka mkono wake juu yake, kwa upole, na hakuuondoa.

"Usiandike," alisema. "Baba yako yu hai."

Nilimsihi. Nilimwambia sitataja jina. Akasema wanawake wa umri wake pale kijijini wanahesabika, na waume zao pia wanajua kuhesabu. Nilimwambia tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, inakaa maktaba Dar es Salaam, haisomwi na mtu. Nilijitahidi sana kumthibitishia hilo la kutosomwa.

"Kama haisomwi," akauliza, "unaiandika ya nini?"

Nikakirudisha kinasa sauti kwenye begi.

Niliporudi Nyakato nilimvaa dada kabla hata ya kuweka begi chini. Nilimuuliza kama alijua. Akaniuliza nadhani ni nani aliyekuwa akiikanyaga ile pamba uani. Kila mtoto wa kike alijua, alisema, walifundishwa pamoja na kusonga ugali. Nilikuwa nimeishi nyumbani kwake miezi saba, nikimchorea ule mchoro wangu wa fifi mezani wakati tunakula, nikimfafanulia upungufu wa nguvukazi, naye alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuniongezea mboga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema. "Ulikuwa unawauliza wazee."

Nilikasirika nikatoka nje, nikatembea mpaka kwenye geti la kiwanda nikarudi. Hasira nyingine ilikuwa juu yake, nyingine juu ya mama, na iliyobaki yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Sikukata tamaa mara moja. Niliona kwamba nikipata wanawake wengine, mbali na kijiji chetu, mama hatakuwa amehusika. Nilikwenda vijiji vitatu na kinasa sauti. Safari hii niliwaambia wanaume nataka kuongea na wanawake, nao wakacheka, wakaniitia. Niliwauliza bibi mmoja mmoja kuhusu fifi ya miaka ya neema. Walinitazama, wakatazamana, wakatabasamu. Kisha wakajibu, kila mmoja kwa namna yake, kwamba ulikuwa uvivu wao tu, mwanangu, pamba ilikuwa nyingi na sisi tulichoka. Mmoja aliongeza kwamba wasichana wa siku hizi ni wavivu zaidi. Nina kanda hizo mpaka leo. Ukizisikiliza vizuri kuna mtu anacheka kwa mbali.

Nikarudi stooni, labda mahali fulani karani mmoja mwenye wino wa ziada aliwahi kuandika majina badala ya wengineo. Mlango ulikuwa wazi na ndani kumejaa nyavu. Yule mzee wa Kagera alikuwa amekaa kwenye ngazi, haimbi. Aliniambia vitabu vilitolewa kwa siku mbili, vingine vikachomwa, vingine hajui. Alisema aliwaomba wasubiri yule kijana wa chuo arudi. Wakamuuliza kijana gani.

Dar es Salaam nilijaribu kuwauliza wasimamizi kwa mbali, kana kwamba ni jambo la kufikirika tu. Nilivuka bustani mara mbili siku hiyo. Yule wa uchumi alicheka kwanza, halafu akasema ni wazo zuri kuliko lote nililowahi kumletea, ushahidi uko wapi? Yule wa historia akavua miwani, akaniuliza nimelisikia kwa nani, na kama yupo tayari kunukuliwa. Nilisema hayupo tayari. Akasema basi hatuna kitu. Alisema kwa huruma, lakini alisema.

Msaada wa masomo ulikuwa umebakiza miezi minne. Nilikuwa na mke wakati huo, na mtoto njiani, na barua ya idara iliyosema nisipowasilisha nitaanza upya. Kuna usiku na asubuhi nyingi nilizojidanganya kwamba nitapata njia ya tatu, kwamba nitaandika aya moja yenye mafumbo ambayo mwenye akili ataielewa na baba hataielewa. Niliiandika aya hiyo mara nyingi. Mwisho niliifuta, nikaacha upungufu wa nguvukazi na uvivu wa wanawake kama ulivyokuwa, nikaongeza ile aya ya kuwasifu wenye malori.

Siku ya utetezi mtahini kutoka nje alisema sura ya ubora wa pamba ndiyo iliyomvutia kuliko zote. Wasimamizi wangu, wamekaa chumba kimoja hatimaye, walitazamana na kukubaliana kwamba hapo ndipo uchumi na historia vilipokutana kweli. Nilitoa shukrani.

Miaka michache baadaye nilialikwa kwenye warsha Mwanza, katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Mtaalamu kijana alisimama kueleza kwa nini madaraja ya pamba hayakuwa na maana yoyote kwa mkulima, na akasema hilo limethibitishwa na utafiti wa kihistoria. Akaninyooshea mkono. Watu wakanigeukia, wengine wakapiga makofi. Nilikuwa na samaki mdomoni, nikatafuna.

Baba alitangulia, mama akamfuata, na wale bibi wa kwenye kanda sidhani kama yuko aliyebaki. Ndiyo maana nayasema haya sasa, na nayasema mahali ambapo hakuna atakayeniuliza chanzo. Lakini naona bado ninakiuka kidogo katazo la mama.

Baada tu ya utetezi, nakala ya kwanza ya tasnifu iliyojaladiwa niliipeleka Misungwi mwenyewe, jalada la buluu na herufi za dhahabu. Baba aliishika kwa mikono miwili, akaizungusha kwa majirani waliokuja kunipongeza, na kila mmoja aliipima uzito kwa kiganja kabla ya kuipitisha. Aliwaambia kwamba na maneno yake yamo humo. Ilikuwa kweli. Wakampongeza na yeye.

Mama alisubiri mpaka baba alipowasindikiza wageni njiani. Alikuwa amekaa uani anachagua mawe kwenye choroko. Hakuomba kukiona kitabu. Aliniuliza tu, bila kuinua kichwa, juu ya fifi nimeandika nini.

Nilimwambia nimeandika kwamba pamba ilikuwa mbaya. Kwamba wanawake walichoka, wakachambua ovyo, ikachafuka.

Akachagua jiwe moja, akalitupa.

"Vizuri," alisema. "Hata karani tulimwambia hivyohivyo."

Kisha akaniomba nimsogezee ule ungo mwingine, na nikamsogezea.